Kifua Hiki ni cha Ukoo Gani?

3 Machi

Wifi,

Nakuita wifi kwa kuwa kaka yangu, Mungu amrehemu, alimuoa mdogo wako, Mungu amrehemu naye. Jina jingine linalokufaa ninalo, ila mtumishi wa mahakama haandiki maneno ya aina hiyo. Naandika barua kwa sababu simu umenifungia tangu tulipogombana, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na hamu ya kuisikia sauti yako.

Nimesikia kwamba Filimbi amelazwa tena. Nimesikia kwa mama mmoja kwenye foleni ya benki! Mtoto wa kaka yangu analala hospitali na oksijeni puani, na mimi shangazi yake napewa habari na mtu anayengoja kubadilishiwa noti iliyochanika.

Tulipowazika wazazi wao, tuliwagawana wale mapacha kama watu wanaogawana vyombo vya marehemu: wewe mama mkubwa mmoja, mimi shangazi mmoja. Walikuwa na miaka miwili. Wametoka yai moja, sura moja, hata jino lililopinda limepinda upande ule ule. Leo wana miaka minane. Kishada wangu anapanda ngazi za ghorofa mbio mpaka majirani wanagonga dari. Filimbi wako akipanda kitandani tu anahema. Damu ni moja, Wifi. Kilichobaki ni nyumba. Na nyumba yako tunaijua: ni kiwanda cha kufulia chenye kitanda ndani.

Namtaka Filimbi. Utamleta mwenyewe au nitamfuata na karatasi. Nimekaa mahakamani muda wa kutosha kujua mlango wa kubisha.

Shangazi wao, wote wawili


11 Machi

Mheshimiwa Karani,

Barua yako imefika. Niliisoma huku napiga pasi suruali ya mteja, na nakuhakikishia suruali ilikuwa na maana zaidi.

Jina la Filimbi walimpa watoto wa mtaa kwa sababu kifua chake kinapiga mluzi. Yeye mwenyewe amelipenda, mimi nimemeza. Wewe hujapewa ruhusa ya kulitumia.

Ni kweli alilazwa, na sasa yuko nyumbani. Daktari wake wa kifua ni msichana mwembamba kama sindano, na anachoma vile vile. Aliniuliza, "Mama, kwenye ukoo kuna mwenye pumu?" Nikamwambia kwetu hakuna, ila kwa akina baba yake kulikuwa na babu aliyevuta kiko mpaka ndevu zikawa njano. Nilitaka aandike hapo hapo kwamba kosa ni lenu. Hakuandika. Akauliza, "Ana pacha? Wa yai moja? Na yule ni mzima?" Macho yakamtoka kama mtu aliyepewa zawadi.

Akanieleza elimu inaitwa epijenetiki. Usiogope, neno ni refu lakini halina meno. Anasema chembe za urithi za watoto hawa ni zile zile, lakini juu yake hukaa alama ndogo ndogo za kemikali, na hizo ndizo zinazoamua chembe ipi isikike na ipi inyamaze. Moshi, dawa kali, vumbi, ugonjwa wa utotoni, hata msiba, vyote vinaweza kuacha alama. Kuna wanaochunguza kama moshi wa babu na bibi unaweza kufika kwa wajukuu.

Nikamwambia kwa lugha ya kazi yangu: basi ni nguo mbili zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja. Moja ikavaliwa jikoni, nyingine ikatundikwa kabatini. Kitambaa kile kile, madoa mbalimbali. "Umekaribia, mama," akasema. "Ila usidhani kila doa tunajua lilikotoka."

Anataka kumpangusa Kishada puani kwa kijiti cha pamba, alinganishe na mwenzake. Ni utafiti, si dawa, hakuahidi kitu. Mlete. Kama unaogopa mabasi yetu, vaa miwani nyeusi.

Mama Mkubwa wa Filimbi, na wa yule mwingine pia, ukipenda usipende


20 Machi

Wifi Dobi,

Nilimsomea mume wangu barua yako tukiwa mezani. Yeye ni mpima ardhi, mtu asiyecheka ovyo, lakini aliweka kijiko chini akacheka.

Kwa hiyo baba yangu, aliyefariki kabla watoto hawajazaliwa, aliwapulizia moshi kutoka kaburini. Na ajabu ni kwamba alimpata mmoja akamkosa mwingine. Kiko gani hicho chenye shabaha?

Kijiti hakitaingia puani mwa Kishada. Sitamtoa mtoto mzima nikamlaze mezani kwa huyo daktari wako sindano ili wewe upate mtu wa kulaumu. Kwetu hakuna mwenye pumu. Hayupo wala hajawahi kuwepo. Liandike hilo ukutani, pale ukuta wako unapobaki na rangi.

Na kama tunatafuta madoa, nikuulize moja. Mdogo wako alipokuwa na mimba ya watoto hawa, ni nani aliyemkalisha kwenye meza yako kupokea nguo za wateja, anavuta mvuke wa dawa zako kutwa nzima? Baba yangu alikuwa kaburini. Wewe ulikuwa wapi?

Karatasi zinaandaliwa.

Shangazi


29 Machi

Karani,

Leo sikusalimu.

Mdogo wangu alikaa kwenye meza yangu kwa sababu mumewe alikuwa safarini na kwenu hakuna aliyekuja kumletea hata maji. Wewe ulituma kadi yenye picha ya maua. Ninyi watu mnapenda sana maua, hayahitaji kuogeshwa wala kulishwa.

Halafu walikuwa wawili tumboni mle. Mvuke wangu nao ulichagua? Nilimpelekea daktari swali hilo ili anisafishe. Hakunisafisha. Anasema hata tumboni mapacha hawagawani sawa, kila mmoja ana kitovu chake na riziki yake, na kwamba yeye hawezi kunihukumu wala kuniachia. Daktari asiyejua kusema ndiyo wala hapana afadhali angefungua duka la vifungo.

Si hayo tu. Alikuja nyumbani. Nikampa chai na kiti kizuri. Akaomba kuona chumba cha kufulia, pale Filimbi anapokaa kufanya hesabu zake ili nimwone nikiwa kazini. Akasimama mlangoni akaanza kupepesa macho.

"Mama, hapa ndipo anaposomea?"

"Hapa pananukia usafi," nikamjibu.

"Hapa pananukia klorini."

Nikamwonyesha njia ya kutokea. Mtu anakunywa chai yangu kisha anaitukana kazi iliyoinunua!

Mtoto anaendelea vizuri. Na kuhusu karatasi zako, fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo mwenyewe.

Mama Mkubwa


9 Aprili

Wifi,

Kuhusu Jumamosi. Nilipaliwa na mate. Ningependa ieleweke hivyo kwa yeyote atakayeuliza, hasa mume wangu, ambaye alikuwa garini akisikiliza mpira. Nimemwambia nilichelewa ndani kwa sababu wewe ni mbishi. Hilo hata akichunguza hatakuta uongo.

Shauri la kumchukua mtoto naliahirisha kwa sababu za kikazi.

Mkoba wangu nimeusahau kwenye ngazi za uani kwako. Utume na basi bila kuufungua.

Shangazi


14 Aprili

Bibi Mpaliwa,

Mate hayapigi mluzi. Nimeishi na mluzi huo miaka sita, naujua kama ninavyoijua hodi ya jirani.

Kwa kuwa umeanza kusahau, nikukumbushe. Uliingia chumba cha kufulia bila hodi, na viatu vyako vya kutishia mawakili. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemimina dawa kwenye beseni la mashuka ya hoteli. Ukanyoosha kidole: "Filimbi, kusanya vitu vyako." Ukavuta pumzi uniambie na mimi langu. Langu halikutoka. Ukashika ukingo wa meza. Shingo ikaanza kuvuta ndani, midomo ikabadilika rangi, na kile kifua cha ukoo usiokuwa na pumu kikapiga filimbi mpaka paka akatoka.

Mimi nilidhani unaigiza, nikawa natafuta jibu. Aliyeelewa ni mtoto.

"Mama Mkubwa, shangazi hana hewa!"

Akakushika mkono, akakutoa uani, akakuketisha kwenye ngazi, akatikisa pampu yake ya kuvutia dawa. "Toa pumzi yote kwanza, shangazi. Sasa vuta. Polepole. Ishike. Usilie, ukilia inabana zaidi." Na wewe, mwanamke unayewafanya watu wazima wasimame wima koridoni, ukamtii neno kwa neno. Ulipopata rangi akakuuliza, "Na wewe unayo yako?" Ukasema hapana. Akakutazama kama ninavyomtazama mteja anayeniapia kwamba koti lilichanikia kwangu.

Mkoba nimeufungua. Ndani kuna pampu kama ya Filimbi, imekwisha dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilichelewa kidogo, basi nimekuumbua mimi.

"Hayupo wala hajawahi kuwepo." Uliyaandika hayo huku hiyo iko kwenye mkoba wako! Ulikuwa tayari kuniburuta mahakamani kwa kifua ambacho unacho wewe mwenyewe chini ya blauzi.

Lakini usidhani nilifurahi kutwa. Mlipoondoka nilikwenda kukaa kwenye kiti cha Filimbi, kile kifupi. Ukikaa pale, pua inakuwa sawasawa na mdomo wa beseni. Sikuweza kukaa sana. Sitasema zaidi ya hapo, na kwako hasa.

Sijamwambia mtu. Sikufanya hivyo kwa mapenzi yako. Sitaki Filimbi asikie watu wanamcheka shangazi yake kwa kitu ambacho na yeye anacho. Sasa mlete Kishada kwa daktari, uache ujuaji.

Mama Mkubwa


23 Aprili

Wifi,

Usingoje samahani, utazeekea mlangoni.

Nilikuwa mdogo kuliko Filimbi mama yangu aliponifundisha kukohoa ndani ya mto. "Msichana mwenye kifua haolewi," alisema, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba sina. Shuleni nikawa mvivu wa mbio. Kwenye sherehe nikawa yule mwenye maringo asiyecheza. Kati ya kuitwa mgonjwa na kuitwa mwenye maringo nilichagua la pili, na hata wewe huwezi kusema sikulifanya vizuri.

Juzi nilimwambia mume wangu. Nilijiandaa kama shahidi, nikamkalisha chini, nikazima redio. Akaniambia anajua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. "Unalala unapiga mluzi, mke wangu. Nikaona ni siri yako, nikakuachia." Miaka yote hiyo natumia dawa bafuni nimefungulia bomba, na yeye yuko nje ananionea huruma! Sijui nimchukie kwa kunyamaza au nimshukuru. Kwa sasa namchukia, ni rahisi zaidi.

Unadhani nilikataa kijiti kwa kiburi. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini kila asubuhi, Kishada akiwa bado amelala, naweka sikio langu mgongoni mwake. Nasikiliza kama mwizi. Niliwaambia watu wote kwamba ni nyumba yako, kwa sababu kama ni nyumba yako, basi si mimi, na kama si mimi, mtoto huyu yuko salama kwangu. Daktari wako alitaka kuja na kijiti cha pamba aniondolee hilo.

Alhamisi tutakuwa hospitali saa nne. Usivae lile gauni la zambarau, watu watadhani tuko pamoja.

Shangazi


30 Mei

Wifi,

Nililivaa la zambarau na watu walidhani tuko pamoja. Yule muuguzi alituuliza nani mkubwa kati yetu. Nilipenda sana uso wako.

Majibu yametoka na daktari ameniomba nikueleze, kwa kuwa wewe ulikuwa kazini ukiwanyanyasa walalamikaji. Nakueleza kama alivyosema, na kama hujaridhika mlaumu yeye.

Chembe za urithi za watoto wetu ni zile zile, kama tulivyojua. Lakini alama zilizo juu yake, katika ngozi ya ndani ya pua, zinatofautiana sehemu kadhaa, nyingi kati ya hizo zikiwa pale mwili unapoamua kupigana na vumbi au kuliacha lipite. Za Filimbi zimekaa kama za watoto wengine wenye pumu. Nikamuuliza: ni kiko cha babu, au beseni langu? Akasema hawezi kujua, pengine vyote, pengine kuna kingine ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukifikiria. Nikamuuliza kama zinafutika. Akasema baadhi hubadilika mtoto anapokua, hasa akiondolewa kinachomchokoza, ila hataki kuniuzia matumaini. Nilitaka hukumu, nikapewa mashaka. Wewe wa mahakamani umezoea, mimi kichwa kinaniuma.

Kuhusu Kishada: mzima. Ila amebeba urithi ule ule, kwa hiyo asivute moshi wa mtu, na mafua yakimshuka kifuani apelekwe haraka. Endelea na wizi wako wa asubuhi, daktari hajaukataza.

Nahamisha kazi. Nimepata chumba sokoni nyuma ya wauza ndoo, chenye madirisha pande mbili. Wateja wananung'unika kwamba ni mbali. Wavae uchafu wao. Nyumba nitaipiga rangi, na hiyo rangi nayo lazima ikauke na harufu iishe. Chumba kile nimekifuta kwa maji matupu mara nyingi na bado ukuta unatoa klorini kama unanidai.

Kwa hiyo namleta Filimbi kwako Jumapili. Soma tena sentensi hiyo, maana hutaiona mara mbili. Namleta kwa Kishada, si kwako. Atakaa mpaka nyumba iwe ya kuishi mtoto, kisha namchukua. Ukiileta ile habari ya karatasi, nitahamia sebuleni kwako na mabeseni yangu yote.

Dawa ya kahawia avute kila siku asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Ya bluu ni ya kumwokoa. Kabla ya kukimbia avute hiyo ya bluu. Hapendi kuulizwa ulizwa anavyojisikia, mtazame tu shingo. Analala na taa ya koridoni inawaka, na hilo atakuambia ni kwa ajili ya Kishada.

Na nikisikia umemfundisha kukohoa ndani ya mto, nitakuja, na safari hiyo huyo atakayepaliwa hatapata wa kumtikisia pampu.

Mama Mkubwa


12 Juni

Wifi,

Amefika na begi moja na maelekezo yako, ambayo ameyarudia yote kwa sauti yako. Sikujua mtu anaweza kuwa na wewe wawili.

Kitanda nilichomnunulia hakijalaliwa. Wanalala pamoja, miguu ya huyu usoni mwa huyu. Asubuhi sasa nasikiliza migongo miwili. Mmoja kimya, mmoja una kamluzi kadogo, kamepungua. Nakuambia kwa kuwa najua ungeuliza na usingejua kuuliza kwa adabu.

Jana tulikuwa na wageni. Hakimu wangu na mke wake, yule anayekula kwa ncha za vidole kana kwamba chakula kinaweza kumshtaki. Katikati ya mlo Filimbi akaanza kukohoa. Mke wa hakimu akavuta sahani yake kando. "Maskini," akasema. "Hiyo inaambukiza?"

Filimbi akainama. Mkono wake ukaanza kutafuta kitambaa cha kujifunika. Namjua vizuri mtu anayetafuta kitambaa.

Nikainuka, nikaleta pampu yake nikamsaidia. Kisha nikachukua ya kwangu, nikakaa tena kwenye kiti changu, nikaitikisa na kuivuta mbele ya hakimu, mbele ya mke wake, taa zote zikiwaka. Mume wangu alikuwa akikata nyama. Aliendelea kukata, lakini alikuwa anatabasamu ovyo. Niliposhusha pumzi nikamwambia yule mama, "Pumu haiambukizi. Kinachoambukiza ni ujinga, na umekaa karibu sana na mumeo."

Waliondoka kabla ya chai. Jumatatu nitajua kama bado nina dawati. Dawati lile linayumba mguu mmoja. Kama wanalitaka, walichukue.

Filimbi alimaliza chakula chake chote. Tatizo limebaki kwa Kishada. Alinuna, akasukuma sahani, akaanza kulia kwamba watu wote wa nyumba hii wana pampu isipokuwa yeye. Nilimwambia anyamaze, amshukuru Mungu, ale.

Shangazi wao